Gari dogo linakula mafuta: jua chanzo kwanza, ndipo uende yadi ya vyuma chakavu

Gari dogo la injini ya lita 1.3 lililokuwa likienda kilomita 15 kwa lita haliamki tu siku moja likaanza kwenda 11. Kuna kitu kimekwama, kimechakaa, kimepasuka, au fundi aliyepita alikifungua akakitupa. Mara nyingi kitu hicho kipo, tena kizima, kwenye gari la aina ileile lililochinjwa yadini. Faida kubwa ya spea za yadi ni hiyo: kulirudishia gari kile lilichopoteza. Ukishamaliza hapo ndipo unaweza kuliongezea kidogo kupita lilivyotoka kiwandani, nami nitafika huko.

Shida ni kwamba watu wengi huanzia yadi. Mtu anatoka na koili nne za kuwashia plagi, sensa mbili na seti ya nozeli za kupulizia petroli, anafunga vyote Jumamosi moja, na Jumatatu gari linakula vilevile. Sasa hajui kipi kilikuwa kizima kati ya alivyovitoa, wala kipi ni kibovu kati ya alivyoviweka. Nakuomba usifanye hivyo. Anza na dalili, pima, pata jina la kitu kimoja, kisha ndipo ubebe spana.

Pata namba kabla ya kushika spana

Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, uandike kilomita. Endesha kama kawaida hadi mshale ufike robo, rudi kwenye pampu ileile, jaza mpaka ijikate tena. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Ukienda kilomita 456 na zikaingia lita 38, gari linakupa kilomita 12 kwa lita, yaani lita 8.3 kwa kilomita 100. Fanya hivyo kwa matanki matatu, kwa sababu tanki moja hudanganya: foleni, mzigo, mvua, hata namna gari lilivyoinama pale kwenye pampu, vyote huichezea namba.

Kama gari lina soketi ya kusomea kompyuta, tafuta kifaa kidogo cha kuchomeka. Marekani iliilazimisha soketi hiyo kwa magari ya kuanzia 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Usitazame kodi za hitilafu tu. Tazama trimu ya mafuta ya muda mrefu. Namba hiyo inaeleza kompyuta imelazimika kuongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi kutoka kwenye hesabu yake ya msingi. Kati ya -5 na +5 ni afya. Ikipita +10, hewa isiyohesabiwa inaingia mahali fulani, au petroli inakuja kidogo. Ikishuka chini ya -10, petroli inavuja kuingia kwenye injini, au kuna sensa inayosema uongo. Namba hii moja itakuokoa kununua nusu ya vitu ulivyokuwa umevipanga.

Mshale wa joto haufiki mahali pake

Naiweka hii mbele kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mwenye gari huona mshale uko chini akafurahi kwamba gari halichemshi. Kumbe injini baridi ni mlaji mkubwa. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi, kwa hiyo kompyuta humimina ya ziada mpaka ijiridhishe kwamba injini imepata moto. Isiporidhika, inaendelea kumimina safari nzima.

Chanzo cha kwanza ni themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate joto, iliyokwama wazi, au iliyotolewa kabisa na mtu aliyedhani anaisaidia injini ipoe. Kupima hakuhitaji kifaa. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa na ushike hozi ya radieta upande ambao themostati ipo. Kwenye magari mengi ni hozi ya juu, kwenye mengine ya chini. Themostati nzima huiacha hozi ikiwa baridi kwa dakika kadhaa, halafu joto linaingia kwa ghafla. Hozi ikianza kuwa vuguvugu tangu dakika ya kwanza na kupanda polepole, themostati imebaki wazi. Kompyuta nyingi huandika kodi ya hitilafu P0128 kwa tatizo hili.

Themostati yenyewe nunua mpya. Ni kitu kinachochakaa kwa kufunguka na kufunga, na cha yadi huwezi kujua kimefanya hivyo mara ngapi. Nyuzi joto zake huchapwa juu yake, mara nyingi 82 au 88; chukua ile ya gari lako, usishuke. Yadi inafaa kwa nyumba ya themostati ikiwa ya kwako imeliwa na kutu au imepasuka sikio la boliti.

Chanzo cha pili ni sensa ya joto la maji, au waya zake. Niliwahi kuhangaika na gari langu wiki tatu kwa sababu hii. Themostati ilikuwa mpya, mshale wa dashibodi ulikaa katikati, lakini petroli ilikuwa inakwenda na plagi zilikuwa nyeusi. Nikaifungua sensa, nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na maltimita (kifaa cha kupimia umeme) ikiwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Maji yakiwa nyuzi 20 ilisoma karibu omu 2,400. Nikayawasha. Namba ikashuka taratibu: nyuzi 40 ilikuwa 1,150, nyuzi 80 ikafika 320. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwenye magari mengi ya Kijapani. Sensa ilikuwa nzima!

Nikaigeukia soketi yake. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani kwenye pini moja, na nilipopima kutoka pini hiyo hadi waya nyuma yake, maltimita ikaonyesha omu 400 mahali palipotakiwa kuwa sifuri. Jumlisha 400 na 320: kompyuta ilikuwa inasoma omu 720, yaani inaamini injini iko nyuzi hamsini na kitu wakati iko 80. Dashibodi ilikuwa na sensa yake nyingine, ndiyo maana mshale haukusema lolote, na feni ilikuwa na swichi yake kwenye radieta, ndiyo maana gari halikuchemsha. Nilichokileta kutoka yadi ni soketi tupu yenye kipande cha waya cha sentimita 15. Nililehemu, nikafunga mpira wa kubana kwa joto, na gari likarudi kwenye namba zake.

Ndiyo maana nasema: ukiona sensa inasingiziwa, pima na soketi yake. Na yadini using'oe sensa peke yake. Kata soketi pamoja na waya.

Moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi zenye masizi makavu

Hapa petroli ni nyingi kuliko hewa. Trimu itakuwa upande wa kutoa, na kodi mara nyingi P0172. Fuata mpangilio huu, kuanzia kisicho na gharama.

Tazama kichujio cha hewa. Kisha, kama gari lako lina regyuleta ya shinikizo la petroli yenye kijibomba chembamba cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye reli ya nozeli, chomoa kijibomba hicho injini ikiwa inanguruma. Kikiwa na petroli ndani, hata tone, ngozi ya regyuleta imetoboka na petroli inanyonywa moja kwa moja kwenda kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Regyuleta ya yadi inafaa, kwa sababu unaweza kuipima palepale: chomeka kijibomba safi, vuta hewa kwa bomba la sindano kubwa, uushikilie mkono wake sekunde chache, kisha uuachie. Kama mkono wa sindano haurudi wenyewe, hewa imepita kwenye ngozi, iache. Usinyonye kwa mdomo. Oringi zake ziwe mpya.

Inafuata sensa ya shinikizo la manifoldi, kwa magari yanayoitumia. Ikipata hewa kupitia mpira uliopasuka, huona mgandamizo mkubwa kuliko ulivyo, na kompyuta hutafsiri kwamba umekanyaga. Swichi ikiwa imewashwa bila injini kuzunguka, sensa isome karibu kilopaskali 100 ukiwa usawa wa bahari, na chini ya hapo ukiwa mwinukoni. Injini ikinguruma bila kukanyagiwa, ishuke hadi 30 au 40. Isiposhuka, badilisha mpira kwanza. Sensa hii haina kinachosogea cha kuchakaa kwa wepesi, kwa hiyo ya yadi ni spea nzuri ikiwa namba iliyoandikwa juu yake ni ileile.

Sensa ya oksijeni ndiyo watu huipenda sana yadini, nami nakusihi uiache. Ile ya kawaida hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kadhaa ndani ya sekunde 10 injini ikiwa moto na mizunguko ikiwa 2,500 kwa dakika. Inapozeeka huwa nzito: bado inafanya kazi, haiwashi taa, ila inachelewa, na huko kuchelewa ndiko kunakula petroli. Ya yadi imezeeka sawa na ya kwako au zaidi. Nunua mpya. Lakini kabla ya kuinunua, sikiliza ekzosi injini ikiwa baridi. Mlio wa tiki-tiki unaopungua injini ikipata joto ni ufa kwenye manifoldi ya ekzosi au gasketi iliyopuliza. Hewa ya nje huingia kwenye ufa huo, sensa inaona oksijeni nyingi, na kompyuta inaongeza petroli kwa kudanganywa. Manifoldi ya ekzosi ni spea bora ya yadi: chuma kizito, hakina umeme, na ufa unaonekana kwa macho ukiipiga brashi ya waya na kuishika kwenye mwanga. Kagua hasa pale mabomba yanapokutana.

Nozeli inayovuja hujitambulisha kwa namna nyingine: ukizima gari likiwa moto na kurudi baada ya nusu saa, linawaka kwa tabu na kutoa harufu. Nozeli za yadi chukua seti nzima kutoka injini moja, zote rangi moja na namba moja, pima omu (za aina ya kawaida husoma kati ya 12 na 16), na uzipeleke zikasafishwe na kupimwa kwenye mashine kabla hazijaingia. Bila mashine hiyo unabahatisha.

Gari la kabureta nalo lina lake. Choki (kibati kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) inayobaki imefunga nusu baada ya injini kupata joto inatosha kukuharibia hesabu yote; fungua mfuniko wa kichujio injini ikiwa moto, kibati cha choki kisimame wima kabisa. Na tazama kama lile bomba la kukunjamana linalotoa hewa vuguvugu kwenye ekzosi kwenda kwenye kichujio bado lipo. Kwenye magari mengi ya zamani lilioza likatupwa, na injini ikaanza kuhitaji choki muda mrefu zaidi asubuhi. Gari lililoegeshwa yadi miaka mingi huwa bado nalo.

Injini inamisi

Kila pigo linalokosa kuwaka ni petroli iliyotupwa kwenye ekzosi, na inaenda kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Plagi ziwe mpya siku zote. Koili za yadi zinafaa. Hamisha koili ya silinda inayomisi kwenda silinda nyingine, kama misi imehama nayo, koili ndiyo mbovu. Ukiwa yadini, ipindue uangalie shina lake la mpira: mstari mweupe au wa kijivu unaoteremka kama ufa wa nywele ni njia ambayo umeme umekuwa ukitorokea. Hiyo iache.

Gari halibingiriki

Injini inaweza kuwa nzima kabisa na mafuta yakaishia kwenye magurudumu. Tafuta mahali tambarare kabisa pasipo magari, enda kilomita 30 kwa saa, weka gia huru, uone gari linasimama baada ya umbali gani. Rudia kwa kutoka upande wa pili ili upepo na mteremko vijifute. Gari dogo lenye afya huenda mbali kuliko unavyodhani. La kwako likisimama kama limeshikwa mkono, limeshikwa kweli.

Baada ya safari ya dakika ishirini ambayo hukubana breki sana, shuka uweke nyuma ya kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umepata. Inua gurudumu hilo, lifunge gari vizuri kwenye stendi, lizungushe kwa mkono. Kama ni zito, fungua skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa (kile kibanio cha pedi za breki), robo mzunguko tu. Gurudumu likilegea hapohapo, mgandamizo ulikuwa umefungiwa ndani: mpira wa breki umevimba kwa ndani na unageuka kuwa vali, au silinda kuu hairudi. Lisipolegea, pistoni imeshika kutu au pini za kalipa zimekauka.

Pini zilizokauka ndizo ninazokutana nazo zaidi, na hazihitaji yadi. Zinahitaji kusafishwa na kupakwa grisi ya breki. Pistoni ikiwa na kutu yenye mashimo, kalipa ya yadi ni chaguo zuri kwa sharti moja, kwamba uifungue yote. Sukuma pistoni nje kwa hewa huku kipande cha ubao kikiwa mbele yake, uipitishe ukucha. Ukucha ukikwama, hiyo pistoni imekwisha. Ikiteleza kama kioo, nunua seti mpya ya sili na mpira wa kuzuia vumbi, uifunge upya, kisha utoe upepo kwenye breki zote na kuweka mafuta mapya. Ile sili ya pembe nne ndani ya kalipa ndiyo inayoivuta pistoni nyuma unapoachia kanyagio. Ikiwa ngumu, breki haiachii hata kama kila kitu kinang'aa. Kwa hiyo kuifunga kalipa ya yadi bila kubadilisha sili ni kuhamisha ugonjwa kutoka gari moja kwenda jingine. Mipira ya breki na pedi za yadi usizichukue kabisa. Maisha ya watu yako hapo.

Usisahau waya wa hendibreki. Ukioza ndani ya ala yake, unaivuta inakamata, unaiachia hairudi yote.

Matairi na rimu

Mwenye gari aliyetangulia akiwa ameweka rimu pana zinazong'aa, gari limebeba uzito pabaya, tena linasukuma tairi pana kwenye upepo. Rimu za awali za gari hilo huwa zimejaa yadini kwa sababu kila mtu alizikimbia. Zichukue. Hakikisha mashimo ya boliti yanalingana kwa idadi na umbali, tundu la katikati linakaa kwenye habu, na kalipa inaingia ndani ya rimu bila kugusa. Zungusha rimu sakafuni kuona kama imepinda.

Angalia pia kimo cha tairi zima. 175/70R13 ina kipenyo cha karibu milimita 575, na 155/80R13 karibu 578. Tofauti hiyo haisumbui. Ukienda kwenye kipimo kinachotofautiana kwa asilimia tano, kilomita unazozisoma zinakuwa za uongo, na hesabu yako ya mafuta inakuwa uongo uleule. Nimeona mtu akifurahia matumizi mazuri ambayo yalikuwa ni tairi ndogo tu. Tairi lenyewe nunua jipya: namba nne za mwisho za kodi ya DOT ni wiki na mwaka, mfano 2219 ni wiki ya 22 ya 2019, na yadini utaona namba za kutisha.

Mizunguko iko juu barabara kuu

Kwa gia za otomatiki, jaribu hivi. Uko kwenye barabara wazi, kasi imetulia kwenye 80 hivi, injini ina moto. Bila kuachia mafuta, gusa breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa tu. Mizunguko ikiruka kwa 200 au 300 kisha ikarudi, toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) ilikuwa imefunga na uko sawa. Isipobadilika, ilikuwa haijafunga kabisa, na unachoma mafuta kwa kuteleza. Kabla hujafikiria giaboksi nyingine, rudi kwenye mshale wa joto: magari mengi hayafungi konveta mpaka injini ipate joto, kwa hiyo themostati iliyokwama wazi inakula mara mbili. Kisha kagua swichi ya taa za breki. Ikibaki imewasha, kompyuta inaamini unashika breki muda wote. Ni kitu kidogo cha yadi, cha kuzungusha robo na kuchomoa, na kimeshawaponya wengi waliokuwa wameambiwa wabadilishe giaboksi.

Kwa gia za kawaida, hapa ndipo penye nyongeza ya kweli kupita kiwanda. Familia nyingi za magari madogo zilikuwa na ndugu mmoja aliyetengenezwa kubana mafuta, au ndugu wa dizeli mwenye gia ndefu, yaani zinazoizungusha injini polepole zaidi kwa kasi ileile. Honda ilikuwa na CRX HF na baadaye Civic VX ya 1992 hadi 1995. Geo Metro ilikuwa na XFi. Volkswagen ilitoa Polo BlueMotion kuanzia 2006. Mtafute ndugu wa gari lako. Yeye amebeba difu (gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) ndefu zaidi, gia ya tano ndefu, rimu nyepesi na plastiki za kuelekeza upepo, na vingi vya vitu hivyo vinaingia kwenye gari lako bila kuchongwa.

Hesabu yake ni rahisi. Difu ya 4.1 ikibadilishwa na ya 3.7, injini iliyokuwa ikizunguka 3,000 itazunguka karibu 2,700 kwa kasi ileile, vali ya hewa ikiwa imefunguka zaidi na injini ikihangaika kidogo kuvuta hewa. Unacholipa ni wepesi wa kupanda mlima. Kama njia zako ni vilima na mzigo, usifanye; utashuka gia kila mara na kupoteza ulichokipata.

Giaboksi nzima ya ndugu huyo ni rahisi kuliko kufungua ya kwako na kuhamisha difu peke yake. Ipo nafasi nzuri kwenye giaboksi ya Volkswagen ya 02J: jozi ya gia ya tano inakaa mwishoni, chini ya mfuniko wake, na inabadilishwa giaboksi ikiwa mahali pake. Kwa vyovyote, kabla ya kununua fungua skrubu ya oili uchovye kidole. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, funga skrubu uondoke.

Plastiki zilizopotea chini ya gari

Ile kava ya chini ya injini, mikeka ya ndani ya madigadi, ule mdomo wa mpira chini ya bampa: mafundi huvitoa wakati wa kumwaga oili na havirudi. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka 90 hadi 110 upinzani wa hewa unaongezeka karibu nusu. Vitu hivi vina kazi huko, si mjini. Vichukue pamoja na klipu zake zote. Na keria isiyobeba kitu itoe leo.

Ukiwa yadini

Chagua gari la kuchukulia kwa namna lilivyokufa. Lililogongwa nyuma lina injini, sensa na radieta salama. Lililogongwa mbele tafuta kwake breki za nyuma, na difu kama iko nyuma. Inua zulia na uchungulie ndani ya taa: mstari wa matope maana yake lilizama, na hapo usichukue kitu chochote chenye waya. Lililoungua lipite.

Nenda na spea yako ya zamani mkononi, uzilinganishe uso kwa uso: namba, idadi ya pini, urefu wa shina. Piga picha kabla ya kufungua. Pulizia boliti mafuta ya kutu ukifika, zunguka kutafuta vingine, rudi baada ya robo saa. Usiingie chini ya gari lililoegemea jeki. Soketi za njano ni za mifuko ya hewa, usizichezee. Petroli kwenye reli inaweza kuwa bado ina mgandamizo hata gari likiwa limezimwa siku nyingi, kwa hiyo funika kiungo kwa kitambaa unapolegeza, na usiruhusu moto wala sigara karibu.

Katalisti ya yadi iache: kuna mahali kuiuza au kuifunga kunakatazwa na sheria, na huwezi kujua imebaki na uhai gani. Kutoa katalisti ukaweka bomba tupu si njia ya kubana mafuta. Beringi, mikanda, gasketi, sili na pampu ya mafuta nazo nunua mpya. Ukikutana na sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli au vichupa vya kutengeneza haidrojeni vilivyoachwa kwenye gari la mtu, viache hapohapo.

Ukishafunga

Funga kitu kimoja. Chomoa betri robo saa ili kompyuta isahau marekebisho yake ya zamani, ukiwa na kodi ya redio yako kama inahitaji, kisha endesha siku kadhaa mjini na barabara kuu ili ijifunze upya. Tazama trimu: kama ilikuwa -14 na sasa iko -3, umepatia hata kabla ya tanki kuisha. Kisha pima matanki matatu kama mwanzo, pampu ileile, upepo wa matairi uleule. Spea ya zamani itunze ikiwa imeandikwa tarehe kwa makapeni. Namba isipobadilika, irudishe mahali pake, na ile ya yadi uiweke kwenye kisanduku kama akiba iliyopimwa, halafu uendelee na dalili inayofuata.